Mazungumzo ya Mtu Mmoja

Wapo wasemao kwamba redio ilikuwa redio enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, na kwamba yote yaliyofuata ni makelele. Husema hivyo kwa majonzi ya kweli, nami siwacheki. Lakini sifa za namna hiyo hazimsaidii mtu. Kitabu hatukisifu kwa sababu tu tulikisoma tukiwa vijana; tunakifungua tena, tunakipitia ukurasa kwa ukurasa, kisha tunasema hapa mwandishi ameweza na hapa ameshindwa. Sioni sababu ya kuinyima redio heshima hiyo. Siku ya matangazo nayo ni utungo. Kuna watu waliokaa mezani wakaamua nini kitangulie, nini kifuate, na nani asikike.

Siku ninayotaka kuihakiki ni ile ya miaka ya mwisho ya 1980 na ya mwanzo ya 1990, kabla Radio One haijaanza mwaka 1994 na wasikilizaji hawajaanza kugawana. Si siku moja ya kalenda. Vipindi vingine vilirushwa kila siku na vingine mara moja au mbili kwa wiki. Nimevikusanya pamoja, kwa kuwa ndivyo vilivyokaa katika vichwa vya watu. Ni siku ya Bara, maana Zanzibar walikuwa na kituo chao na desturi zao.

Kwanza neno moja la historia, kwa kuwa bila hilo mengine hayaeleweki. Kituo hiki kilianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 kikawa shirika la utangazaji, angalau kwa maandishi likiwa na kimo chake lenyewe. Mwaka 1965 serikali ikalivunja shirika hilo, na kituo kikawa idara ndani ya wizara ya habari. Tangu hapo mtangazaji alikuwa mtumishi wa serikali kama alivyo karani wa ardhi au bwana shamba. Ilikuwa redio ya serikali. Swali langu ni kama ilikuwa pia redio ya umma, na kama ilikuwa, ni katika saa zipi za siku.

Tuanze na taarifa ya habari, maana yenyewe ilijiona kuwa kichwa cha siku. Ilitanguliwa na ngoma. Zilikuwa ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, msanii asiyeona, aliyepiga ngoma nyingi peke yake kwa wakati mmoja, kila moja na sauti yake, akazifanya zisemezane. Sijapata kusikia utangulizi wa habari unaoshinda ule. Ulimwambia mtu aache alilokuwa akilifanya. Watoto walinyamazishwa, na hata mgeni aliyekuwa katikati ya maneno yake aliyakatiza bila kuona haya. Kisha ngoma zikanyamaza, na kiongozi fulani akawataka wananchi.

Msomaji akitaka kuielewa taarifa ya siku zile, asiangalie majina, aangalie vitenzi. Fulani amewataka wananchi. Fulani amewaasa vijana. Fulani amesisitiza umuhimu. Fulani ametoa mwito, amekemea, amehimiza, amebainisha. Tukio lenyewe lilikuwa kwamba mwenye cheo amesema, na aliposema alikuwa akifungua semina au akiifunga. Kilichotokea kabla ya semina hakikutajwa, wala kilichofuata. Ukisikia kwamba mkuu wa mkoa amewataka wakulima wapeleke pamba yao mapema, ilikupasa ung'amue mwenyewe kwamba pamba haipelekwi, na kama ulikuwa unayajua mambo ya ushirika uliweza kukisia kwa nini. Habari ilikaa ndani ya agizo kama kokwa ndani ya tunda. Wasikilizaji wakongwe walikuwa mabingwa wa kuitoa kokwa hiyo. Waliambiwa kwamba bidhaa muhimu zitawafikia walaji karibuni, wakaenda kununua sukari kabla haijaisha kabisa. Sitaki kuiita hiyo kuwa ni sifa ya redio. Ni sifa ya wasikilizaji.

Mpangilio nao ulikuwa wa vyeo. Rais kwanza, kisha Makamu au Waziri Mkuu, kisha mawaziri, kisha wakuu wa mikoa, na ulimwengu mwishoni, kabla ya michezo. Gari la abiria lililotumbukia mtoni lilisubiri hadi waheshimiwa wote wapite. Tangu mwaka 1976 kulikuwa na Shirika la Habari la Tanzania, SHIHATA, lenye waandishi mikoani, na hao waliyaona mengi. Lakini yaliyofika hewani yalikuwa yamekwishavalishwa sare.

Siwalaumu waliosoma. Kiswahili chao kilikuwa cha kupigiwa mfano. Sauti kama za Julius Nyaisanga na Charles Hilary zilitosha kumfanya mtu asikilize hata orodha ya bei za mbegu. Watu wa makabila zaidi ya mia moja walijifunza kutoka kwao namna ya kutamka, mahali pa kupumua, na jinsi sentensi ndefu inavyofikishwa mwisho wake bila kuanguka. Kenya jirani ilitangaza pia kwa lugha za makabila. Dar es Salaam haikufanya hivyo, na faida ya uamuzi huo tunaila hadi leo kila tunapokutana stendi ya basi na mtu wa upande wa pili wa nchi. Hasara yake husemwa mara chache. Walikuwapo wazee wengi, na akina bibi zaidi, ambao kwao Idhaa ya Taifa ilikuwa muziki uliokatizwa na maneno ya mjini.

Na taarifa ya habari iliweza kuwa habari, ilipobidi. Mwishoni mwa mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera, watu walisikia redioni kwamba adui ameingia, ameingilia wapi, na nchi imeamua nini. Hapakuwa na aliyewataka wananchi wazingatie umuhimu wowote. Kumbe sentensi hizo ziliwezekana! Ila kwa siku za kawaida watu walizungusha kinyonga cha redio usiku, wakaitafuta BBC au Sauti ya Ujerumani katika mawimbi yanayokwenda na kurudi, wapate kujua kutoka London na Cologne jambo lililotokea mtaa wa pili.

Hapa niseme kidogo juu ya betri. Nyumba nyingi hazikuwa na umeme, na redio, mara nyingi ya aina ya National, iliyofunikwa kitambaa cha kufumwa, ilikula betri ambazo ama hazikupatikana dukani ama zilipatikana kwa bei ya kuruka. Zilipodhoofu zilianikwa juani. Kwa hiyo mwenye redio hakuiacha ikiimba kutwa nzima. Aliifungua kwa makusudi na kuifunga kwa makusudi. Ndiyo sababu nasema mhakiki wa kwanza wa vipindi vya redio nchini alikuwa betri. Ukitaka kujua kipindi kipi kilithaminiwa, usiulize wizara. Uliza redio ilifunguliwa saa ngapi na ikafungwa saa ngapi. Ilifunguliwa kwa taarifa ya habari, ndiyo. Ilifunguliwa kwa mpira, kwa hadithi, kwa michezo ya kuigiza. Na ilifunguliwa, nyumba nzima ikiwa kimya kuliko wakati wa ngoma za Mzee Morris, kwa matangazo ya vifo.

Sijapata kuona mtu akiyahakiki matangazo ya vifo kama utungo, nami nathubutu kusema yalikuwa maandishi bora kabisa ya siku nzima. Yalikuwa na umbo lake, na kila Mtanzania wa umri fulani anaweza kulitunga usingizini. Alianza anayetangaza, jina lake na mahali alipo. Ukafuata uhusiano wake na marehemu, kisha jina la marehemu, siku na mahali kifo kilipotokea, mahali na siku ya mazishi. Mwisho yakaja yale maneno ya habari kuwafikia, na hapo ndipo nchi ilipofunguka: fulani wa Tabora, fulani wa mashamba ya mkonge Tanga, fulani aliyeko jeshini, mama fulani wa Kigoma, na wengine wote popote walipo. Msomaji alisoma polepole. Aliyarudia majina ya mahali. Hakutia huzuni ya kujifanya, kwa sababu baada ya hilo kulikuwa na jingine, na la tatu.

Linganisha na taarifa ya habari. Katika tangazo la kifo kuna nani, nini, wapi, lini, na kuna sababu ya kukuambia wewe na si mwingine. Kuna kitu kilichotokea. Kuna watu watakaoamka kesho na kupanda basi kwa sababu ya sentensi hiyo. Lilikuwa tangazo la kulipia, na anayelipa hana neno la kupoteza. Hakuna aliyehimizwa. Ukiyapanga matangazo ya wiki moja utakuwa na ramani ya nchi ambayo hakuna mtakwimu aliyeichora: nani alitoka wapi akaenda kufanya kazi wapi, koo zipi zimeoana kati ya ziwa na pwani, kijana yupi ameondoka nyumbani miaka mingi kiasi kwamba hata anwani yake haijulikani, anatafutwa angani. Watu waliyasikiliza yote, hata wasiokuwa na mgonjwa, na si kwa hofu peke yake. Ni pale tu ambapo mtu asiye na cheo aliweza kutajwa jina lake kamili na Radio Tanzania, akiwa hai au amekufa.

Tarehe 14 Oktoba 1999, Mwalimu Nyerere alipofariki, aliyelitangazia taifa ni Rais Benjamin Mkapa mwenyewe. Kwa siku hiyo kichwa cha habari na tangazo la kifo vilikuwa kitu kimoja. Rais alimtaja marehemu, akataja siku na hospitali ya St Thomas mjini London, akataja maradhi. Umbo lilikuwa lile lile ambalo mjane wa Singida alikuwa amelitumia kumtangaza mumewe. Naamini hiyo ni moja ya sababu maneno yale yaliingia moyoni mara moja: watu walikuwa wamekwisha kufunzwa kusikiliza hivyo, miaka mingi, jina kwa jina.

Jirani wa matangazo ya vifo vilikuwa vipindi vya salamu. Hivyo nitavipita haraka. Ugua Pole kilikwenda wodini na kinasa sauti, mgonjwa akasema jina lake, kitanda chake, na anaowasalimu. Kadi za salamu zilisomwa kwa mamia, Chaguo la Msikilizaji likapiga nyimbo. Wasomi walivibeza. Kama burudani, ni kweli vilichosha; orodha ni orodha. Lakini mgonjwa aliyesema kwa sauti yake kwamba anaendelea vizuri alikuwa ametoa taarifa ambayo barua ingeifikisha baada ya wiki tatu.

Sasa tufike usiku, baada ya taarifa ya saa 2, kwenye kipindi ambacho jina lake ndilo lililonifanya niandike makala haya. Kiliitwa Mazungumzo Baada ya Habari. Wengi wakikikumbuka huikumbuka sauti ya Paul Sozigwa: nzito, yenye uhakika, isiyo na haraka. Kilikuwa maelezo ya msimamo. Kilifafanua siasa ya nchi, kiliwashambulia makabaila na walanguzi, kiliwakumbusha watu Azimio la Arusha na wajibu wao. Kama nathari ya kusemwa, kilikuwa na nguvu. Sentensi zilijengwa na mtu aliyejua kwamba msikilizaji hawezi kurudi nyuma kusoma tena. Wazo moja lilisemwa, likageuzwa, likasemwa tena kwa upande wa pili. Vijana wa leo wanaotaka kuandikia redio wangefaidika kuusoma ufundi huo.

Ila hayakuwa mazungumzo. Mazungumzo yanataka watu wawili. Katika lugha yetu huwezi kuzungumza peke yako bila watu kukutazama kwa wasiwasi. Aliyekipa kipindi jina hilo alijua, kwa siri au kwa bahati, kwamba baada ya habari binadamu hutaka kuzungumza. Kisha akampa kazi hiyo mtu mmoja kwa niaba ya wote. Msikilizaji alijibu, bila shaka. Alijibu akiwa kwenye kigoda, mkewe akasikia, na jirani, kama alikuwa mtu wa kuaminika. Studio haikusikia kitu.

Mtu ataniambia kwamba enzi zile zilikuwa hivyo, mitambo ilikuwa hivyo, simu zilikuwa chache. Sikubali. Redio hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kuonyesha njia nyingine, tena mapema. Mwaka 1973 iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12, watu yapata milioni 2 walikaa katika vikundi vya kusikiliza, chini ya mwembe au darasani, kila kikundi na kiongozi wake na kijitabu chake. Kipindi kilirushwa, juu ya malaria, kichocho, kifua kikuu na mengineyo. Kilipokwisha redio ikazimwa, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Watu waliulizana: hapa kwetu maji tunayachota wapi? Choo cha shule kina hali gani? Nani atachimba? Vikachimbwa vyoo kwa mamia ya maelfu. Sisemi kampeni ile ilikuwa paradiso ya uhuru wa maoni. Mada zilichaguliwa mjini, na majibu mengi yalikuwa tayari kijitabuni. Lakini aliyeitunga alielewa kwamba redio inapaswa kujua wakati wa kunyamaza. Hayo ndiyo yaliyostahili kuitwa mazungumzo baada ya habari. Jina likaenda kwa kipindi kingine.

Nimeziacha hadithi mwisho, ingawa kwa saa za siku zilitawanyika, kwa sababu ndizo ninazozipenda na naogopa mapenzi yasinipotoshe.

Mama na Mwana, hadithi za watoto kwa sauti ya Debora Mwenda, kilikuwa kipindi ambacho watu wazima wengi hudai walikisikiliza kwa ajili ya watoto. Na wadai. Msimuliaji yule hakukimbilia funzo. Alimwacha mtoto aogope kwanza, aogope kweli, na alijua kwamba mnyamazo wa nusu pumzi redioni ni mrefu kuliko mahali pengine popote. Hiyo ni sanaa ya bibi kwenye mkeka, ikahamia kwenye kipaza sauti bila kuharibika, jambo ambalo si rahisi hata kidogo. Wengi waliojaribu baadaye walihamisha maneno wakaacha pumzi.

Pwagu na Pwaguzi kilikuwa cha kuchekesha, na jina lake lilitoka katika methali ya mwizi kukutana na mwizi aliyemzidi. Wajanja wawili, kila mmoja akimvizia mwenzake. Katika nchi ambayo taarifa ya habari ililaani ulanguzi kila jioni, hapa palikuwa na watu wawili walioufanya ulanguzi hewani, na taifa zima likawacheka kwa sababu liliwajua. Si lazima nieleze zaidi. Kiongozi aliyewataka wananchi waache magendo, na Pwagu anayejaribu kumuuzia Pwaguzi kitu kisicho chake, walitumia mtambo mmoja na masafa yale yale. Nani kati yao alikuwa akitangaza habari za nchi?

Lakini hadithi iliyofika mbali kuliko zote ni Twende na Wakati, mchezo wa redio ulioanza mwaka 1993, nusu saa jioni, mara mbili kwa wiki. Ulitungwa kwa njia iliyobuniwa na Miguel Sabido, mtayarishaji wa tamthilia za televisheni huko Mexico: mhusika mwema, mhusika mbaya, na katikati yao wale wanaoyumba, ambao ndio msikilizaji anajiona ndani yao. Mhusika mbaya alikuwa Mkwaju, dereva wa lori, mwenye mke nyumbani na wanawake kando ya barabara. Anaambukizwa Ukimwi. Mkewe anaanza kwa kuvumilia na anamalizia kwa kujitegemea, na biashara yake.

Kimaandishi, ukitaka kukosoa, mengi yapo. Wema wa wema ulikuwa mnene mno, na kila baada ya muda ungesikia mhusika akianza kusema kama bango la zahanati. Lakini Mkwaju aliwashinda watungaji wake. Alikuwa mcheshi, mwongo wa kupendeza, aina ya mtu ambaye kila kituo cha malori kati ya Dar es Salaam na Tunduma kina wa kwake. Jina lake likaingia mitaani. Mwanamume wa tabia hizo akaitwa Mkwaju, na hakuhitaji maelezo. Serikali ilikuwa imewaasa watu kuhusu Ukimwi miaka kadhaa, kwa vitenzi vile vile vya taarifa ya habari. Mkwaju hakumwasa mtu. Aliishi, akaumwa, akafa pole pole masikioni mwa watu waliokuwa wamekwisha kumzoea.

Watafiti, miongoni mwao Everett Rogers na Peter Vaughan, waliufuatilia mchezo huu kwa makini isiyo ya kawaida. Huko Dodoma kituo kilirusha vipindi vyake wakati huo, kwa hiyo kuanzia 1993 hadi 1995 eneo hilo halikuusikia, nalo likatumika kama kipimo. Kati ya waliousikiliza kwingineko, asilimia 82 walisema umewafanya wachukue hatua fulani ya kujikinga. Tarakimu hiyo hupenda kunukuliwa, nami huipokea kwa tahadhari: Mtanzania akiulizwa na mgeni mwenye karatasi kama amefaidika, adabu humjibia. Chenye uzito kwangu ni kule kulinganisha. Uzazi wa mpango ulipanda zaidi mahali mchezo uliposikika, na Dodoma nayo ikafuata ulipofika huko. Na hapo nakwama kidogo, sitaficha. Ilikuwa miaka ya Ukimwi. Ikiwa waliamini hadithi inaweza kuokoa mtu, basi watu wa eneo zima walisubiri miaka miwili ili itambulike kwa hesabu kwamba inaweza. Utafiti safi, redio yenye madoa. Katika sifa zote zilizoandikwa juu ya Twende na Wakati, ningependa jambo hilo litajwe kwa sauti ile ile inayotumika kutaja asilimia.

Sasa nirudi kwenye swali langu. Redio ya serikali na redio ya umma zilikaa nyumba moja, na hazikugawana vyumba kama watu wanavyodhani. Umma haukuwa kwenye habari wala kwenye mazungumzo, ambamo ulitajwa kila dakika kwa jina la wananchi. Ulikuwa kwenye matangazo ya vifo, wodini, kwenye kadi za salamu, kwenye lori la Mkwaju. Katika saa ambazo wakubwa waliziona kuwa za kujazia. Huko watu walikuwa na majina na mambo yaliwatokea. Anayeikumbuka redio ile kwa mapenzi, ukimbana aseme anakumbuka nini hasa, hatakutajia hata semina moja.

Kituo kimebadili majina tangu hapo. Mwaka 2002 redio na televisheni ya taifa viliunganishwa katika Taasisi ya Utangazaji Tanzania, na mwaka 2007 ikawa Shirika la Utangazaji, TBC. Kwa jina angalau tumerudi mwaka 1956. Vituo vya binafsi vimejaa masafa. Matangazo ya vifo yamehamia kwenye simu, katika makundi ya ukoo, ambako hufika upesi zaidi na kwa wanaohusika tu. Hakuna tena mtu wa Mtwara anayelazimika kumsikia marehemu wa Bukoba. Betri si mhakiki tena.

Na mazungumzo yamekuja, ya kweli, kwa njia ya simu. Msikilizaji anapiga studio. Mtangazaji anamwomba apunguze sauti ya redio yake. Mpigaji anasalimu, na anasalimu sana, studio nzima na walio nyumbani, kama vile kadi za zamani zinasomwa upya. Kisha anataja kijiji chake, kisha anaanza kueleza kwamba zahanati yao haina dawa tangu mwezi gani, na mganga aliyekuwapo alihamishwa lini, na barua waliyoandika ilipelekwa kwa nani. Ana nani, nini, wapi na lini. Anasema kama tangazo la kifo. Mara nyingi hapo ndipo muda unapokuwa umekwisha, kwa kuwa taarifa ya habari inasubiri, na ndani yake kuna mtu aliyefungua semina.

Ningekuwa na sauti katika upangaji wa siku ya TBC Taifa, ningeomba badiliko moja dogo, lisilohitaji mtambo wala fedha. Waigeuze ratiba ya nusu saa hiyo. Mpigaji amalize kwanza, na msoma habari aliyeko studio amsikilize akiwa na kalamu mkononi.